Mafuta ya breki ya silikoni, DOT 5, kwa magari ya kijeshi ya zamani

Jeep ya Willys MB ina mzunguko mmoja tu wa breki. Masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali, ni moja, na bomba linalotoka hapo ndilo linalogawanyika kwenda magurudumu yote manne. Raba ikipasuka popote njiani, pedali inazama hadi sakafuni. Kinachobaki ni breki ya mkono, na kwenye gari hilo breki ya mkono inabana shafti inayotoka kwenye transfa (gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma), haigusi gurudumu lolote. Ndugu yake wa kiwandani, Ford GPW, ni hivyo hivyo. Ndiyo maana mtu anayefufua gari la namna hii hana budi kujua vizuri kinachozunguka ndani ya mabomba yake.

Mafuta tunayoyapima hapa ni yale ya zambarau, ya silikoni, yanayouzwa kwa daraja la DOT 5. Kwa gari linalokaa bandani miezi mingi kuliko siku linazotembea, hakuna mafuta mengine yanayolingana nayo, ila yana sharti zito: mfumo mzima ufunguliwe, usafishwe, uwekwe raba mpya. Anayeyamimina juu ya mafuta ya zamani atakuwa ameharibu yote mawili. Kwa anayelitimiza sharti hilo, tunayapa alama nne kati ya tano. Kwa asiyelitimiza, ni heri asinunue kabisa.

Mafuta ya kawaida, yaani DOT 3 na DOT 4, yametengenezwa kwa glikoli, na glikoli inanywa maji. Kifuniko cha masta silinda kina tundu la kupumulia, na unyevu wa hewa unaingia hapo na kupenya pia kwenye hosi za raba. Viwango vyenyewe vinalikubali jambo hilo: DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishakunywa maji inaruhusiwa kushuka hadi 140. DOT 4 inatoka 230 hadi 155. DOT 5 inaanzia 260, na kipimo chake cha unyevu ni 180, ingawa kwa kweli hainywi maji ya kutajika. Kwa gari linaloendeshwa kila siku, tofauti hiyo si kubwa kwa sababu mafuta hubadilishwa kila baada ya muda. Gari la maonyesho halibadilishwi mafuta. Linaegeshwa, maji yanakaa ndani ya silinda za chuma cha kutupwa, na msimu ukianza tena pistoni imeshikana na ukuta kwa kutu. Ukiifungua unakuta mashimo madogo kama ya ndui mahali pale pale raba ilipokuwa imelala.

Jeshi la Marekani liliona tatizo hili kwa ukubwa wake, maana lilikuwa na magari mengi yaliyohifadhiwa kwenye maghala. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilihamia kwenye silikoni kwa kiwango chake cha MIL-B-46176, likaacha aina tatu ilizokuwa ikizitumia kabla: mafuta ya kawaida, ya baridi kali, na ya kuhifadhia magari ghalani. Moja likachukua nafasi ya matatu. Kwa hiyo lori la M35A2 au gari dogo la M151 lililotoka mikononi mwa jeshi hilo baada ya hapo, tarajia kukuta zambarau ndani yake. Jeep ya vita vya pili iliyopita kwa raia wengi inaweza kuwa na chochote.

Na hapa ndipo kosa la kwanza hutokea, kwa sababu rangi inadanganya. Zambarau ya DOT 5 hufifia kadiri miaka inavyopita hadi mafuta yawe meupe au ya manjano hafifu, ukidhani ni glikoli. Usiamini jicho. Chukua glasi safi yenye maji, dondosha matone matano ya mafuta yaliyotoka kwenye nipo ya gurudumu, yaani skrubu ndogo ya kutolea hewa. Glikoli inayeyuka na kupotea ndani ya maji, ikiacha labda mawingu kidogo. Silikoni inaelea juu kama vijicho vya mafuta kwenye mchuzi, na hata ukikoroga inarudi juu. Ukiona sehemu imepotea na sehemu imeelea, mtu aliyekutangulia alichanganya, na gari hilo halistahili kutoka bandani mpaka mfumo wote ufunguliwe. Weka mchanganyiko huo kwenye chupa nyembamba usiku mmoja: asubuhi utaona glikoli imekaa chini na silikoni juu yake, na katikati yao utando wa uchafu. Utando huo ndio unaoziba vitundu.

Kosa la pili ni la dukani. DOT 5.1 si toleo jipya la DOT 5. Ni glikoli, ndugu wa DOT 4, na haipatani na silikoni hata kidogo. Namba zinafanana, kiwango cha kuchemka kinafanana, na watu hununua moja wakidhani ni nyingine. Soma chupa yote mpaka uone neno silikoni. Lisipokuwepo, irudishe rafuni.

Upande wa rangi ya gari, DOT 5 ina sifa na lawama. Glikoli ikidondoka kwenye rangi ya kijani ya jeshi inaichubua, na usipoimwagia maji mapema utaona chuma. Silikoni haichubui. Wengi hununua DOT 5 kwa sababu hiyo tu, na wanasahau kwamba mabaki yake hayaondoki kirahisi. Ukija kupaka rangi upya juu ya mahali palipoguswa, hata kwa kidole chenye mafuta, rangi inakimbia na kuacha vitundu vya mviringo vinavyoitwa macho ya samaki. Kwa hiyo maliza kazi yote ya rangi kwenye chesisi na sakafu kwanza, iache ikauke kabisa, ndipo ufungue chupa ya silikoni. Glovu ulizovaa kutoa upepo (hewa iliyonaswa kwenye mabomba) zisiguse bunduki ya rangi wala kitambaa cha kufutia bodi.

Kuandaa mfumo

Sehemu hii ndiyo inayoamua kama utayapenda mafuta haya au utayatukana.

Anza na dramu. Lainingi za magari ya miaka ya 1940 hadi 1970 mara nyingi zina asbestosi, kwa hiyo usipulize vumbi kwa kompresa. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, tia kitambaa kwenye mfuko uliofungwa. Kisha toa silinda zote za magurudumu na masta silinda, na uzifungue mezani. Kwenye MB masta silinda ina kipenyo cha inchi 1, silinda za mbele ni inchi 1, za nyuma ni robo tatu ya inchi. Zipime kabla ya kuagiza raba, kwa maana magari haya yamefanyiwa ukarabati mara nyingi na si ajabu kukuta ya mbele imefungwa nyuma. Ukiziacha zimebadilishana, magurudumu ya nyuma yatakamata kabla ya ya mbele, na gari fupi kama hilo linageuka kando upesi.

Safisha ukuta wa silinda kwa honi laini (kifaa cha mawe ya kusugulia) iliyoloweshwa kwa mafuta ya breki yenyewe, mizunguko michache tu. Mashimo yakibaki, usiendelee kukwangua. Weka pistoni ndani bila raba, jaribu kupitisha filagaji (bapa la chuma la kupimia nafasi) nyembamba ya inchi 0.006 (milimita 0.15) kati ya pistoni na ukuta. Ikiingia, silinda imekwisha. Hapo una njia mbili: silinda mpya, au kuipeleka kwa fundi wa mashine aivishe shati la chuma kisichoshika kutu au la shaba nyeupe. Kwa silinda adimu, shati ni bora kuliko silinda mpya ya bei rahisi, kwa sababu chuma cha ndani hakitapata kutu tena na utabaki na mwili wa asili wenye alama zake.

Raba zote mpya, hosi zote mpya, washa zote za shaba mpya. Hatusemi hivi kwa ajili ya unadhifu. Raba iliyokaa kwenye glikoli imeshaivuta ndani yake na kuvimba kiasi. Ukiihamishia kwenye silikoni inabadilika ukubwa tena na midomo yake haibani kama ilivyozoea. Tena glikoli iliyofichika ndani ya raba itachuja polepole kwenye mafuta mapya. Raba za EPDM, aina ya raba ya kutengenezwa viwandani, zinaelewana na silikoni vizuri. Adui yao ni mafuta ya petroli: tone la oili ya injini, dizeli au mafuta ya taa yaliyotumika kusafishia linazivimbisha mpaka pistoni inakwama. Mabomba yasafishwe kwa spiriti peke yake. Lita moja inatosha Jeep: pitisha kila bomba mpaka itoke safi, kisha puliza hewa kavu mpaka harufu iishe. Kompresa isiyo na chujio la maji na oili inarudisha kile kile ulichokuwa unakitoa.

Wakati wa kufunga, lainisha raba kwa DOT 5 yenyewe. Grisi za kuunganishia breki zilizotengenezwa kwa ajili ya glikoli zisiingie humu.

Jambo moja linalosahauliwa ni tundu la kurejeshea mafuta ndani ya masta silinda. Ni tundu dogo sana, linalokaa mbele kidogo ya mdomo wa raba pedali ikiwa imeachiwa. Kazi yake ni kuruhusu mafuta yaliyopanuka kwa joto yarudi kwenye kikombe cha kuwekea mafuta. Likizibwa na uchafu, au fimbo ya pedali ikirekebishwa ndefu mno, shinikizo halitoki na breki zinaanza kujikamata zenyewe. Silikoni hupanuka kwa joto kuliko glikoli, kwa hiyo tatizo ambalo kwa DOT 3 lingekuwa dramu ya vuguvugu, kwa DOT 5 ni gari linalosimama barabarani huku dramu zikitoa moshi. Pitisha uzi mwembamba wa waya tunduni bila kulikwangua. Kisha hakikisha pedali ya MB ina mchezo huru wa karibu nusu inchi, milimita 13, kabla fimbo haijagusa pistoni. Njia ya kuthibitisha: fungua kifuniko, mwenzako akanyage pedali taratibu, nawe uangalie mafuta. Mwanzo wa mkanyago lazima uone kijichemchemi kidogo kikiruka juu. Usipokiona, tundu limeziba au fimbo ni ndefu.

Kumimina na kutoa upepo

Hapa ndipo silikoni inapopunguziwa ile alama moja. Inashika viputo vya hewa na haiviachii haraka. Chupa iliyotikiswa garini njia nzima ukiifungua na kuimimina papo hapo, umemimina povu. Iache isimame tangu jana yake. Mimina taratibu, mafuta yateleze kwenye ukuta wa kikombe. Kwenye MB kazi hiyo ni ngumu zaidi kwa kuwa masta silinda ipo chini ya sakafu na unajazia kupitia kifuniko kidogo sakafuni, kwa hiyo tumia faneli yenye shingo ndefu, na futa vumbi lote kando ya kifuniko kabla ya kukifungua.

Kaza shuu za breki kwanza mpaka ziguse dramu, ndipo utoe upepo. Shuu zilizo mbali zinafanya pedali izame, na utahangaika kutafuta hewa isiyokuwepo. Utofauti unaonekana mguuni: pedali inayoshuka chini lakini ikafika mahali ikawa ngumu kama jiwe ni shuu zilizo mbali, pedali inayorudisha mguu kama sponji ni hewa.

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa Jeep yenye usukani kushoto ni nyuma kulia, kisha nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Usipige pedali haraka haraka kama ulivyozoea na glikoli, kwani kila pigo la nguvu linakata hewa kuwa viputo vidogo zaidi. Mkanyago wa taratibu, sekunde mbili kwenda, nipo ifungwe kabla pedali haijarudi, kisha subiri kidogo. Ukiwa na subira zaidi, fungua nipo na uache mafuta yashuke kwa uzito wake bila kukanyaga kabisa. Ukitumia chombo cha kusukuma kwa hewa, usivuke pauni 10 kwa inchi ya mraba. Ukimaliza, liache gari usiku kucha, na asubuhi rudia mzunguko mzima. Mara ya pili ndiyo inayotoa vile viputo vilivyokusanyika. Watu wanaosema silikoni haitoi pedali nzuri mara nyingi waliishia mzunguko wa kwanza. Pamoja na hayo, usitegemee pedali ngumu kama ya DOT 4. Silikoni inabonyea kidogo zaidi, na joto likipanda inabonyea zaidi tena.

Lita moja inajaza MB na kutoa upepo. Nunua mbili, ya pili ya mzunguko wa asubuhi na ya akiba. Kwa lori la M35 anza na lita nne.

Yanayoharibika baadaye

Swichi ya taa za breki ndiyo lalamiko letu kubwa. Kwenye magari haya swichi inaendeshwa na shinikizo la mafuta, na imefungwa kwenye masta silinda au kwenye bomba. Silikoni inapenya ndani ya swichi na kufikia vigusio vyake, na taa zinaanza kuwaka kwa kukanyaga sana tu, kisha haziwaki kabisa. Swichi mpya inakwenda njia ile ile. Suluhisho la kudumu ni swichi ya kimakanika inayovutwa na pedali, iliyofichwa chini ya sakafu, huku ya asili ikibaki mahali pake kwa ajili ya macho ya waamuzi wa maonyesho. Kagua taa hizo kila unapotoka. Gari la kijani kibichi lisilong'aa, lenye taa ndogo, halionekani vizuri na anayelifuata nyuma.

Kuvuja ni la pili. Silikoni inatafuta njia ambayo glikoli isingeiona: ncha ya bomba iliyokunjwa vibaya, washa iliyotumika mara mbili, uzi wa nipo. Kunja midomo ya mabomba mara mbili, kaza, kisha weka karatasi nyeupe chini ya kila kiungo usiku mmoja. Ikivuja kwenye lainingi usijaribu kuziosha wala kuzichoma. Haiyeyuki kwa maji na haitoki. Lainingi hizo ni za kutupwa, na ubadilishe pande zote mbili za ekseli.

Magari yenye msaada wa breki yana hatari yake. Lori la GMC CCKW linatumia Hydrovac, kifaa cha msaada kinachovutwa na ombwe la injini. Raba yake ya ndani ikichoka, mafuta yananyonywa na kuunguzwa na injini. Kikombe kinapungua, na chini ya gari hakuna hata tone. Silikoni iliyoungua inaacha unga mweupe kwenye plagi, sawa na vumbi la chaki, na hiyo ndiyo ishara ya kutafuta. Kwenye M35 msaada ni wa hewa iliyobanwa, na mafuta yanapotea kupitia njia ya kutolea hewa ya kifaa chenyewe. Kikombe kikipungua bila sababu, usijazie ukaondoka. Fungua kifaa cha msaada kwanza.

Na maji? Silikoni haiyanywi, lakini hayatoweki. Yakiingia kwa kifuniko kilicholegea yanashuka chini, kwa kuwa ni mazito kuliko silikoni, na kukusanyika mahali pa chini kabisa, yaani ndani ya silinda za magurudumu. Hapo yanakula chuma mahali pamoja, na kwenye baridi kali yanaganda. Basi lile wazo kwamba DOT 5 ni ya kuweka na kusahau si la kweli. Mara moja kwa mwaka toa vijiko viwili vya mafuta kwenye nipo ya kila gurudumu, weka kwenye chupa ya kioo, angalia chini. Tone la maji likionekana, endelea kutoa mpaka yaishe, na ukague kifuniko.

Nani asiyahitaji? Anayeendesha gari lake kila wiki na kulibadilisha mafuta kila miaka miwili atatosheka na DOT 4, tena atapata pedali ngumu zaidi. Aliyekuta mfumo wa glikoli ulio mzima, usiovuja, asiufungue kwa ajili ya rangi ya zambarau tu. Baadhi ya magari ya Uingereza yalitengenezwa kwa mafuta ya madini, na raba zake haziwezi silikoni wala glikoli. Soma kibao kilicho karibu na kikombe. Wenye kifaru cha Sherman hili haliwahusu: breki zake za kugeuzia zinavutwa kwa nondo na mikono ya chuma, na mikanda yake inaogelea kwenye oili ya difrensha.

Ukishajaza, andika DOT 5 SILIKONI kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko cha masta silinda na kwenye kile kifuniko cha sakafuni, herufi ziwe kubwa za kusomeka kwa tochi. Atakayelijazia gari hilo miaka kumi ijayo huenda si wewe.